Matembezi mepesi katika msitu wa Pugu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wakazi wa Dar es Salaam wanaotaka kutembea chini ya miti bila kupanda mlima wala kuishiwa pumzi. Ni wa wazee, wenye watoto wadogo, wanaotembea na fimbo, wanaotumia kiti mwendo, na hata yule aliyekaa ofisini wiki nzima mpaka miguu ikafa ganzi. Maswali haya tunaulizwa kila tunapoandaa safari ya Jumamosi.

Msitu wenyewe uko wapi?

Kusini-magharibi mwa jiji, kilomita 20 na ushei kutoka Posta. Ukiupita uwanja wa ndege, ukaipita Gongo la Mboto na Pugu, barabara inaanza kupanda kuelekea Kisarawe, na hapo hewa inabadilika kabla hujauona msitu. Kiserikali uko Wilaya ya Kisarawe, Mkoa wa Pwani. Jina lake rasmi ni Hifadhi ya Mazingira Asilia Pugu-Kazimzumbwi. Ni misitu miwili iliyounganishwa, yenye zaidi ya hekta 7,000 kwa pamoja, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, yaani TFS.

Kwa nini mnauita msitu wa kale? Mbona miti mingine ni myembamba?

Swali hili tunalipenda, kwa sababu wengi hufika wakitarajia mibuyu na mivule mitupu, kisha wakakuta vichaka na miti ya unene wa paja.

Misitu ya pwani ya Afrika Mashariki ni mabaki. Wanasayansi wa mimea wanaeleza kuwa zamani sana, hali ya hewa ilipokuwa na unyevu zaidi, msitu ulitanda kutoka Afrika Magharibi na Kongo hadi Bahari ya Hindi. Bara likakauka, msitu ukakatika katikati, na vipande vilivyobaki huku pwani vikaendelea kuishi kwa mvua na unyevu unaoletwa na bahari. Vimekaa peke yao muda mrefu mno, ndiyo maana vina mimea na wanyama usioweza kuwakuta kwingine. Kuna mimea ambayo hata jina lake la kisayansi limebeba jina la Pugu: *Baphia puguensis* na *Millettia puguensis*, yote miwili ya jamii ya kunde.

Kwa hiyo cha kale hapa ni msitu, si lazima mti mmoja mmoja. Sehemu nyingi zimewahi kukatwa kwa mkaa, nguzo na mbao, na miti unayoiona imechipua upya juu ya mizizi na mbegu za wazee wake. Ukiona kisiki kilichotoa machipukizi manne au matano yaliyosimama pamoja, simama uyatazame. Mti huo umri wake uko chini ya ardhi.

Si wanaiita Milima ya Pugu? Mimi mlima siuwezi.

Ni vilima. Sehemu za juu kabisa zina mita zipatazo 300 kutoka usawa wa bahari, na gari limeshakupandisha sehemu kubwa ya hizo kabla hujashuka. Matembezi tunayoyazungumzia hapa yanafuata barabara za udongo na njia pana, si vijia vya kupanda.

Mama yangu ana miaka 72 na goti linamsumbua. Ataweza?

Mara nyingi ataweza, tena atafurahi kuliko ninyi vijana, mkiacha haraka zenu nyumbani.

Kwanza, mtangulizeni. Kosa la makundi mengi ni kuwaacha wenye nguvu watangulie, halafu wakisimama kumsubiri mama na mama akafika, wao wanaondoka. Yeye hapati hata dakika ya kupumzika, na baada ya muda anaona aibu na kusema "nendeni tu, mimi nitawasubiri hapa". Mwendo wa kundi uwe wa mtu wa polepole kuliko wote, naye awe mbele. Huo ndio mwendo mzuri wa msituni kwa kila mtu: anayekwenda polepole anasikia majani yakichakurwa pembeni, wakati anayekimbilia kilele husikia pumzi zake mwenyewe tu.

Pili, nusu ya nguvu ni ya kurudi. Amueni mapema: tunakwenda dakika 30, tunapumzika, tunageuka. Usimuulize mama kama amechoka, maana mama zetu hawachoki mbele ya watoto. Mtazame anavyoushika mkono wa anayetembea naye. Akianza kuubana, ni muda wa kukaa. Na kumbukeni kuwa goti bovu huteseka zaidi kwenye mteremko kuliko kwenye mpando, hivyo njia inayoanza kwa kushuka itamdai wakati wa kwenda na itamdai tena pumzi wakati wa kurudi. Mwambieni mhifadhi wazi: "Tuna mzee, tunataka sehemu tambarare." Wanaelewa.

Tatu, bebeni kiti cha kukunja au kigoda. Msitegemee kukuta benchi kila mahali. Kukaa chini juu ya majani hatushauri: kuna siafu, na mtu mwenye goti bovu akikaa chini, kumwinua ni kazi nyingine.

Mwenye presha anywe dawa zake kama kawaida asubuhi, asiziache eti kwa kuwa ni siku ya safari. Mwenye kisukari abebe ndizi au tende mfukoni mwake mwenyewe, si kwenye begi lililobebwa na kijana aliyetangulia.

Natumia kiti mwendo. Nije au nisije?

Njoo, lakini ujue ukweli kabla ya kutoka nyumbani. Njia za msituni ni udongo mtupu. Kiangazi kuna sehemu zenye mchanga laini, na magurudumu madogo ya mbele hudidimia humo. Mvua ikinyesha, udongo mweupe wa Pugu unakuwa utelezi na kunata kwenye matairi. Usitegemee njia ya sakafu wala choo chenye ngazi mtelezo.

Linalowezekana ni hili. Chagua mwezi mkavu, lakini si siku inayofuata mvua. Wasiliana na ofisi ya hifadhi kabla, ueleze kuwa unatumia kiti mwendo, uombe gari lenu liruhusiwe kuingia kadiri barabara inavyoruhusu. Ukishafika kwenye kivuli, hata mita 200 za kwenda na kurudi zinatosha kukufanya uusikie msitu. Njooni na watu wawili wenye mikono imara. Mkikutana na mchanga, msisukume mbele: geuzeni kiti, mkivute kinyumenyume kwa magurudumu makubwa, mtu mmoja nyuma na mwingine akiinua kidogo upande wa miguu. Wenye baiskeli za miguu mitatu za kuendesha kwa mikono hupita vizuri zaidi, kwa sababu magurudumu yote ni makubwa.

Tungependa siku moja pawe na njia angalau moja fupi iliyoshindiliwa na kusawazishwa, yenye upana wa viti viwili. Si jambo la gharama ya kutisha. Kila mtu anayefika na kiti mwendo na kuuliza ofisini ni sababu nyingine ya njia hiyo kujengwa, kwa hiyo ulizeni, hata kama jibu la leo ni hapana.

Kama Pugu imeshindikana, kuna mahali rahisi zaidi?

Bustani ya Mimea pale katikati ya jiji, jirani na Makumbusho ya Taifa. Ilianzishwa 1893 wakati wa Wajerumani, ni tambarare, ni ndogo, na kivuli chake ni cha uhakika. Kuna tausi wanaorandaranda na mnazi wa Shelisheli, ule wenye mbegu kubwa kuliko zote duniani. Si msitu wa asili, miti yake imepandwa na watu, lakini kwa mwenye kiti mwendo au mzee anayetoka hospitali ni mahali pazuri pa kuanzia.

Upande wa kaskazini-magharibi kuna Pande, kule Mabwepande walikohamishiwa waathirika wa mafuriko ya Jangwani ya Desemba 2011. Ni kipande cha msitu wa pwani kama Pugu, ila ni pori la akiba, linasimamiwa na TAWA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, na lina taratibu zake. Ulizeni kwanza.

Tutaona wanyama gani?

Ukitaka simba, panda basi la Mikumi. Pugu ni msitu wa wanyama wadogo, na thamani yake iko hapohapo.

Kima na ngedere mtawasikia kabla ya kuwaona. Hondohondo hupita juu kwa kelele, na mabawa yake yanavuma. Wakati mwingine kundi la kororo linakatiza njia: ni jamaa wa kanga, mweusi wa madoa, mwenye kishungi cha manyoya kichwani. Jongoo wakubwa weusi wako kila mahali baada ya mvua.

Mwangalieni hasa sengi. Ana pua ndefu inayochezacheza, miguu mirefu, mwili mweusi na wekundu wa kutu, na anatafuta wadudu mchana kwenye majani makavu. Mkisikia kitu kinachakura, kinatulia, kinachakura tena, simameni wote bila kunong'ona. Hesabuni polepole mpaka 60. Mara nyingi hutokea mwenyewe. Mkiona rundo la majani makavu lililokusanywa vizuri kwenye shina la mti, msilipige teke, huenda ndimo anamolala.

Aliye adimu kuliko wote hamtamwona mchana. Ni komba wa Rondo, aliyepewa jina la uwanda wa Rondo kule Lindi. Wanasayansi walimtambua rasmi 1997. Ana uzito wa gramu 60 hivi, na mkia wake umetimka kama brashi ya kusafishia chupa. Anaishi katika vipande vichache tu vya misitu ya pwani ya Tanzania, na Pugu ni kimojawapo. Watu wa Gongo la Mboto wanalala jirani na mnyama ambaye watafiti huvuka bahari kuja kumsikiliza.

Na miti? Mimi miti yote naiona sawa.

Anza na mitatu unayoijua bila kujua. Mbungo ni mtambaazi mnene unaopanda juu ya miti mingine, na matunda yake ndiyo yale mabungo ya juisi ya njano unayoinunua mjini. Mpingo una shina la kijivu lililokunjamana, weusi wake umejificha ndani. Wa tatu ni msandarusi. Utomvu wake, hasa ule uliozikwa ardhini miaka mingi, ulichimbwa huku Uzaramo katika karne ya 19, ukapelekwa Unguja na kusafirishwa nje kutengenezea vanishi. Mwombe mhifadhi akuoneshe kila mmoja, uguse gome lake. Wa nne utauuliza mwenyewe.

Mapango ya popo yakoje? Mzee anaweza kuingia?

Mapango hayo si ya asili. Ni mahandaki yaliyobaki ya mgodi wa kaolini, udongo mweupe unaotumika kwenye vyombo vya kauri na karatasi. Ndiyo maana viatu vyenu vitarudi nyumbani vyeupe.

Ushauri wetu: wazee, watoto wadogo na wenye pumu wabaki mdomoni mwa pango. Ndani ni giza, sakafu haina uhakika, na vumbi la kinyesi cha popo si zuri kwa kifua cha mtu yeyote. Anayeingia aingie na mwongozaji, avae barakoa, asimguse popo, anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula. Jioni popo wakianza kutoka kwa makundi unawaona vizuri ukiwa nje umekaa, na kusema kweli hilo linapendeza kuliko kuingia. Panga tu usafiri wa kurudi, giza la huku huingia mara moja.

Mimi sioni. Kuna faida gani kuja?

Kubwa. Wasioona tuliotembea nao ndio waliotufundisha kusikiliza mahali miti inapoisha: sauti za nje zinafunguka ghafla. Chagua asubuhi ya mapema, ndege wakiwa wanaita. Ushike kiwiko cha anayekuongoza, naye akutajie mizizi na matawi ya usawa wa uso, maana fimbo haiyagundui. Mwambie pia akuepushe na upupu, na asikupe jani au ganda lolote la kushika kabla hajalitambua.

Ninaweza kuja na watoto?

Ndiyo. Wavae suruali ndefu na soksi, wasiingize mikono kwenye mashimo, na wapewe kazi ya kutafuta vitu, kwa mfano jani lenye shimo au wadudu watatu tofauti. Mtoto aliyepewa kazi halalamiki kuhusu jua. Mtoto mchanga mbebeni mgongoni kwa kanga. Kigari cha kusukuma kitawasumbua.

Bwawa la Minaki linafikika?

Ulizeni siku hiyohiyo kuhusu hali ya njia. Bwawa lenyewe ni mahali patulivu pa kukaa na kula chakula mlichobeba. Hakuna kuogelea, na watoto washikwe mikono.

Kuna nyoka?

Wapo, ni msitu. Wengi watakukwepa ukitembea katikati ya njia na kukanyaga kwa kishindo kidogo. Usivae ndala. Mtu akiumwa asikatwe chale wala kufungwa kamba ya kubana, mtulizeni, asitembee, apelekwe hospitali haraka.

Tunafikaje bila gari?

Daladala hadi Gongo la Mboto, kisha zile za Kisarawe, na kipande kilichobaki ni bodaboda au bajaji. Kwa mzee chagua bajaji. Patana kabisa na dereva saa ya kurudi kukuchukua na uchukue namba yake, kwa sababu ndani mtandao wa simu hukatika sehemu nyingine.

Kiingilio ni kiasi gani?

Viwango hubadilika, kwa hiyo hatuviandiki hapa. Raia hulipa kidogo kuliko mgeni kutoka nje. Malipo ni ya serikali: unapewa kumbukumbu namba, unalipa kwa simu, unapata risiti. Usimpe mtu yeyote fedha mkononi njiani. Na msiingie kwa njia za panya hata kama mwenyeji amewaambia ni mkato.

Msimu gani ni mzuri?

Juni hadi Septemba. Kuna ubaridi kidogo, njia ni kavu, na mbu wamepungua. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, msitu unapendeza kuliko wakati wowote lakini njia zinateleza, na kwa wenye miguu dhaifu hatushauri. Wakati wa vuli tazameni anga. Kwa mwezi wowote, mwe mmeanza kutembea saa 1 asubuhi, na kufika saa 4 mwe mmekaa.

Kuna mambo ya mila ya kuheshimu?

Mko Uzaramo. Baadhi ya miti ina kazi yake kwa wenyeji. Mkole, kwa mfano, ni mti wa mwali wa Kizaramo, chini yake ndipo anapochezwa. Mkikuta kitambaa kimefungwa mtini au chungu kimewekwa shinani, msiguse na msipige picha. Mkikutana na wazee njiani, shikamoo kwanza, maswali baadaye.

Nimesikia Mwalimu Nyerere alikuwa huku.

Alifundisha Chuo cha Mtakatifu Fransisko, ambacho leo ni Sekondari ya Pugu, mpaka alipoacha ualimu mwaka 1955 aitumikie TANU. Shule ni shule, ina wanafunzi. Ukitaka kuitembelea omba ruhusa, si sehemu ya hifadhi.

Mnasisitiza sana msitu huu. Sisi wa mjini unatuhusu nini?

Mto Msimbazi unaanzia kwenye vilima hivi. Maji yale yanayopita Vingunguti, yakajaa Jangwani na kumwagika baharini pale Daraja la Salenda, yametoka huku. Mvua ikinyesha juu ya msitu, majani na mizizi huipokea na kuiachia kidogo kidogo. Ikinyesha juu ya kilima kilichokatwa, inashuka yote kwa pamoja na udongo wake. Gunia la mkaa lililotoka Pugu ni la bei nafuu kwa mnunuzi wa Dar, lakini wa Jangwani analilipia wakati wa masika. Ukinunua mkaa, uliza umetoka wapi. Ukiona tanuri la mkaa au miti mipya imekatwa ndani, usibishane na mtu yeyote. Kumbuka mahali, kamwambie mhifadhi.

Naweza kuchukua mche, mbegu au ua?

Hapana. Mabungo yanauzwa mjini, na miche hupatikana kwenye vitalu.

Mvua ikitukuta ndani?

Geukeni mapema, wingu likiwa bado liko mbali, na mrudi kwa njia ileile mliyokuja nayo hata kama kuna ya mkato. Udongo mweupe ukishalowa, wenye fimbo washikwe kwenye kwapa, si kwenye kiganja, maana mtu akiteleza kiganja kinaponyoka. Kanyageni pembeni mwa njia penye majani na mizizi, katikati ndiko kunakoteleza. Kukiwa na radi, msijikinge chini ya mti mrefu uliosimama peke yake. Na mkifika kwenye gari, mzee abadilishe nguo kwanza kabla ya mtu yeyote, halafu chai.